Maulizo Ine Yenye Sikuuliza mu Kasulo

Ninyi batoto ya universite, benye munafika Kolwezi na sakoshi mu mugongo na kompyuta mu mikono, mukae chini kidogo. Mi ni Tata Ngoie. Miaka mingi niliendesha motokari ya bantu benye banatafuta mambo ya kansere ya prostati, ile tezi ya wanaume. Mu masomo munanipita wote. Mi niliishia mwaka ya tatu ya primere kule Mutshatsha, kisha nikaenda kusukuma baisikeli ya makala. Kuendesha motokari hakuna muntu alinifundisha. Nilijifundisha mwenyewe na lori ya mukubwa moja, saa yeye analala.

Bengine bakienda retrete, kazi imeisha, banaonyesha medali. Mi pia niko na medali moja, iko mu sanduku ya bibi, na leo sitaifungua. Leo nitawaambia kitu yenye inanifanya, mpaka sasa, nikienda ku soko ya Kasulo, nipitie barabara ya nyuma.

Kwanza kazi yenyewe, juu kwa ile sina haya.

Mukubwa yetu alikuwa Prof, munganga ya mambo ya chini ya wanaume, muntu murefu wa kusema polepole. Alitaka kujua kama bazee benye balikula vumbi ya mine, kule banachimba madini, miaka na miaka banapata ile kansere kuliko bengine. Hakusema ni vumbi. Alikuwa anauliza. Bantu bakimuuliza, "Prof, ni vumbi, eh?" anajibu, "Sijui bado." Mi nilimushangaa. Muntu ana bitabu mpaka ku dari, na anasema sijui bila kuinamisha kichwa! Mi, na primere ya tatu, sijakubali hata siku moja kusema sijui. Hata njia nikiipoteza, nilikuwa naambia bantu kama tunapitia ya mufupi.

Tulizunguka Kolwezi yote, tukafika mpaka Lubudi. Tunakamata damu ya bazee, tunajaza karatasi ya maulizo, kisha damu inapanda njia ya Lubumbashi ku laboratware. Musikie basi, juu hii hamutaisoma mu kitabu. Damu si mizigo. Ukiitikisa mu mashimo, inavunjika, maji yake ya juu inageuka nyekundu, na bale ya laboratware banaitupa. Sanduku ya barafu, yenye tunaita glasiere, weka nyuma ya kiti ya shofere. Ku kofre, nyuma kabisa ya motokari, hapana, kule joto na vumbi binaingia. Funika na gunia ya kulowana. Barafu usiivunje uimwage ndani. Gandisha maji mu bichupa ya plastiki, juu barafu ya kumwagwa inayeyuka na majina ya bantu inaogelea. Andika jina na kreyo, kalamu ya risasi, maji ya baridi inafuta wino ya bic. Na uliandike mwenye damu akiwa mbele yako, yeye mwenyewe akitaja jina lake na la baba yake. Mu Kasulo, ukiita "Mukendi!" barabara nusu itaitika.

Makosa ya kuchekesha nilifanya pia. Siku moja ku Lubudi bibi alikuwa ameniagiza samaki. Nilikamata nzuri kabisa, na jua ilikuwa kali. Nikaangalia glasiere, nikaona nafasi iko. Kufika Lubumbashi, Dokta Mireille akafungua kifuniko. Dokta Mireille ni binti mwenye alikuwa anafanya ile kazi ya damu juu ya kupata dokotora yake. Saa ile alikuwa mudogo kuliko mutoto yangu ya kwanza. Akainama, akanusa, akasimama.

"Tata Ngoie, huyu muzee wa mwisho, naye yuko na prostati?"

Akanirudishia samaki na mikono miwili, sawa unapatia muntu kitabu ya kanisa. Hakumwambia Prof. Mukumbuke ile. Hakumwambia Prof.

Alikuwa na macho, ule binti. Kila safari, mbele ya kufika Likasi, nilikuwa nasimamisha motokari mara mbili, mara tatu. Nasema naenda kuangalia pneu, gurudumu ya nyuma. Anangojea. Narudi. Siku moja akaniuliza, "Tata, hii pneu iko na shida gani, kila mara weye tu unaijua?" Nikamujibu pneu ni mambo ya mashofere.

Kasulo njo ilitutesa. Munajua Kasulo, ule mutaa wa Kolwezi: nyumba inagusa nyumba, na chini ya nyumba bantu balichimba mashimo ya kobalti mpaka ukuta zikapasuka. Bantu kule bamezoea kuona mugeni anakuja kupima mawe na kusema tenere, yaani mawe inabeba madini kiasi gani. Basi shiye kufika na sindano, bazee banatucheka. "Prof, damu yangu iko na tenere ngapi? Ya huyu jirani usinunue, ni udongo tupu!" Damu balitoa bila shida. Muntu ya mine haogopi sindano.

Shida ilikuwa karatasi. Ilikuwa na maulizo mingi: ulifanya mine gani, unavuta tumbako, baba yako alikufa na nini. Ile yote banajibu. Lakini mwishoni kulikuwa maulizo ine. Usiku unaamuka mara ngapi kwenda kukojoa? Mukojo inatoka na nguvu, ao inakatika-katika? Inauma? Umeona damu ndani?

Dokta Mireille alisoma ile maulizo mbele ya muzee moja, fundi wa zamani ya chuma. Muzee akamuangalia, akavua kofia, akavaa tena.

"Mwanangu, mama yako anajua kama unauliza bababa ya bantu namna hii?"

Akainuka, akaingia ndani, akafunga mulango. Mu nyumba ine za ile barabara, ni vile vile tu.

Ile magaribi Prof akaniita. "Tata Ngoie, weye ni muzee mwenzao. Weye batakujibu. Chukua farde ya hizi karatasi, chukua kreyo, uliza weye." Akaniambia pia sababu, na alinirudilia mara mbili: mwenye atasema Oui, ndiyo, kwa ulizo hata moja kati ya zile ine, yeye Prof atamupima mwenyewe hapa Kolwezi, ile ile juma. Benye banasema Non, hapana, kwa zote, bale batangojea majibu ya damu kutoka Lubumbashi, na majibu inachelewa sana. Nilisikia muzuri. Siwezi kusema sikusikia.

Nilipita na motokari mbele ya nyumba yangu polepole, kreyo ku sikio, bibi anione.

Nyumba ya kwanza, muzee akakaa, mi nikakaa. Maulizo ya mine nikauliza, ya tumbako nikauliza. Nikafika ku zile ine, na kinywa ikakataa. Mi, mwenye nimetukana mapolisi ku kila bariere! Muzee ananiangalia. Mi naangalia karatasi. Nikasema, "Na mwili, tata? Mwili iko namna gani?"

"Muzuri, tunashukuru Mungu."

Nikapiga alama: Non, Non, Non, Non.

Nikajiambia, hii njo heshima. Nikajiambia, mwenye mugonjwa atasema mwenyewe. Nyumba ya pili vile vile, na ya tatu, na barabara yote. Nilikuwa namaliza haraka mpaka Prof akanisifu mbele ya bantu. "Munaona? Tata Ngoie bazee banamufungukia." Nikakubali ile sifa. Niliikula yote, sikubakisha hata kidogo.

Sasa bukwe yangu.

Mutoto yangu Héritier alioa Tereza, binti ya Tata Mukendi wa Kasulo. Tata Mukendi alikuwa muntu ya Kasai, baba yake aliletwa na treni juu ya mine. Yeye mwenyewe alifanya kazi ya karani mpaka retrete. Mwandiko yake ilikuwa sawa ya mashini. Yangu ni sawa ya kuku anakimbia mvua. Tangu ile ndoa, yeye ni bukwe yangu na mi bukwe yake, na munajua namna bukwe anaheshimiwa kwetu. Miaka yote nilimutembelea, sijamuuliza hata siku moja choo yake iko wapi. Nilikuwa nafunga mukojo mpaka nyumbani.

Siku ya zamu yake, nilimukuta amevaa shati ya misa, mikono mirefu, bifungo yote mpaka shingoni. Bibi yake alikuwa ametumwa ku soko. Ku nyumba yenye bantu kila saa, hakukuwa muntu. Tukasalimiana. Akanipatia munkoyo ku kopo ya bageni, akakaa, akaweka mikono ku magoti.

"Bukwe, fanya kazi yako."

Nikauliza ya mine. Nikauliza ya tumbako. Kisha nikasema, "Na mwili, bukwe? Mwili iko sawa?"

Aliniangalia murefu kidogo.

"Iko sawa, bukwe."

Non, Non, Non, Non. Nikakunywa munkoyo, nikaenda.

Miezi ikapita. Majibu ya damu ya Kasulo ikatoka, na siku moja Prof akafika na uso wa mawe. Tulikuwa ku parsele, kiwanja ya nyumba yenye tulipanga, Prof, Dokta Mireille na mi, naosha motokari. Prof akaweka karatasi za laboratware upande huu, farde yangu upande huu. Damu inasema bazee wengi kule mambo yao si muzuri, bapimwe. Karatasi zinasema hakuna hata moja mwenye anasikia kitu. Hata moja! Barabara nzima ya bazee, na bote banakojoa sawa batoto ya skuli.

"Hii haiwezekani," Prof anasema. "Kitu moja kati ya hizi mbili imeoza." Na aliniamini mi. Basi akageukia damu. "Mireille, hii damu ilipata joto mu njia."

"Hapana, Prof. Niliangalia barafu mwenyewe."

"Tata Ngoie, barafu ilikuwa namna gani?"

Batoto, ile barafu nilifunga na mikono yangu. Hakuna muntu mu Katanga yote anafunga barafu kunipita. Kufika Lubumbashi bichupa ilikuwa ingali na jiwe ya barafu ndani. Kama ningesema, "Prof, barafu ilikuwa muzuri," ulizo ya pili ingekuwa juu ya karatasi. Nilikuwa na sifongo mu mukono. Nikasema:

"Njia ilikuwa murefu, Prof. Na jua."

Ni ile tu. Maneno kidogo vile. Prof akatikisa kichwa, akasema damu yote ya Kasulo itupwe, na Dokta Mireille arudi Lubumbashi, kazi yake isimame kwanza. Miaka yake mbili. Mi njo nilimurudisha. Njia yote alishika glasiere tupu ku magoti. Mbele ya Likasi nikasimamisha motokari. Hakuuliza kuhusu pneu.

Nilipofika Kolwezi, bibi yangu alikuwa ananingojea amesimama.

"Tata Héritier, weye njo unatembea na bantu ya kansere?"

"Mi njo."

"Na haujui kama bukwe yako anakojoa damu? Tereza alikuta nguo zake zimelowekwa mu ndoo nyuma ya nyumba. Anazifua mwenyewe, amejificha. Tangu mbele ya mvua kuanza!"

Mbele ya mvua. Nikahesabu. Ilikuwa mbele ya mi kufika kwake na farde.

Nilienda kwa miguu, motokari sikuitaka. Nilimukuta amelala upande, mugongo inamuuma. Nikasahau hata salamu, nikamuuliza kwa hasira, juu haya ikikuzidi inageuka hasira: "Bukwe, juu ya nini haukuniambia? Nilikuja hapa na karatasi!"

Akainuka polepole, akajiweka ku kitanda.

"Bibi nilimutuma ku soko. Nilivaa shati. Bantu balikuwa bamenieleza kama munauliza mambo ya mukojo, na nikasema muzuri, wacha ikuwe bukwe yangu, kwake nitaweza kusema mara moja tu na itaisha. Nilikungojea uulize. Ukaniuliza salamu. Salamu muntu anaijibu namna gani, Ngoie?"

Alikuwa hajaniita Ngoie hata siku moja.

Asubuhi nikamupeleka kwa Prof mu motokari, nikaendesha sawa nabeba damu. Prof akamupima. Alipotoka, sikungoja anieleze. Nilimuambia yote, palepale mu kuluwari, inje ya mulango yake, benye banangojea zamu yao banasikia. Nikasema maulizo ine sikuuliza, ku nyumba hata moja. Nikasema barafu ilikuwa muzuri. Nikasema Dokta Mireille hana kosa. Nilingojea anifukuze. Angenifukuza ningepumua. Lakini Prof aliangalia chini, akasema, "Basi mi pia sikuuliza. Sikuuliza namna gani unamaliza haraka vile." Akapiga telefone Lubumbashi. Damu ilikuwa haijatupwa; Dokta Mireille alikuwa ameificha mu friji, chini kabisa, ndani ya karton yenye ameandika jina yake.

Alirudi na basi. Niliandaa maneno mingi. Hakunipatia nafasi. Aliweka farde yote ku meza mbele yangu, nikatafuta kreyo na gome ya kufutia.

"Hapana, tata. Hatufuti. Piga musitari mumoja juu ya Non, Non ionekane. Andika jibu ya kweli kando. Andika jina yako." Akanipatia bic.

Basi nilirudi mu Kasulo, nyumba kwa nyumba, naye nyuma yangu. Munataka kujua haya? Haya ni kugonga mulango wa muzee mwenzako na kusema, "Tata, ile siku nilikudanganya na salamu. Leo nauliza." Na nikauliza na maneno yenyewe: kukojoa, mukojo, damu. Bengine balinitukana. Fundi wa chuma alicheka mpaka akakohoa: "Shofere, ilikuchukua miezi mingi kufika ku suruali yangu!" Kisha akasema mara tano. Anaamuka mara tano. Walijibu, batoto. Karibu bote. Bale bazee hawakuwa na haya kunishinda. Balikuwa banangoja muntu aulize sawasawa. Bamoja balipelekwa Lubumbashi mapema. Bengine, ile miezi yenye nilikula sifa ilikuwa imebakulia nafasi ya kupona.

Bukwe yangu nilimubakisha wa mwisho, juu ya woga. Dokta Mireille akabaki inje ku kibaraza, alielewa. Tata Mukendi alikuwa amekonda, ugonjwa ilikuwa tayari mu mifupa. Lakini shati ya misa alikuwa ameivaa.

"Bukwe, uliza."

Nikauliza zote ine. Oui. Oui. Oui. Oui. Nikapiga mistari yangu, nikaandika jina yangu mara ine, na kuku yangu inakimbia mvua. Nikafunga bic.

"Fungua," akasema. "Iko karatasi ingine mu farde?"

"Iko."

"Ilete hapa. Na bic." Akaweka karatasi ku goti, akavaa lunete ya macho. "Jina: Ngoie. Mine, uliendesha lori mu vumbi, ile najua. Tumbako, uliacha. Sasa, bukwe. Usiku unaamuka mara ngapi kwenda kukojoa?"

Nikaangalia mulango.

"Usiangalie mulango. Mi si salamu nauliza."

Nikasema mara ine. Akaandika. Akauliza ya pili, nikasema inakatika-katika. Ya tatu, nikasema inauma, na nikamuambia mambo ya pneu, kama nilikuwa nashuka kukojoa, na akacheka, bukwe yangu, akashika mbavu juu kucheka ilikuwa inamuumiza. Ya ine nikasema hapana, damu sijaona. Akaniangalia juu ya lunete, kuona kama nadanganya. Sikudanganya.

Kansere yangu mi ilikutwa ingali mudogo. Balinipasua ku Lubumbashi. Nilikuwa nikilala na mipira ya kutoa mukojo kule ku lopitalo saa Héritier alinipigia telefone kusema bukwe amekufa. Sikumuzika.

Dokta Mireille leo njo anawafundisha ninyi, na ile farde anaitumia. Atawaonyesha karatasi za Kasulo, na mutaona Non mingi zenye kupigwa musitari, na kando jina yenye kuandikwa mubaya. Musimuulize huyu ni nani. Ni mi. Mugeuze mpaka nyuma kabisa, mutakuta karatasi moja haina musitari hata mumoja: Oui tatu, Non moja, mwandiko sawa ya mashini. Ile pia ni mi. Bukwe yangu njo aliuliza.